Mimea Inafua, Lakini Maji Yake Yaende Wapi?

Yanapozuka mazungumzo ya kemia ya nyumbani, swali moja halikosi kuulizwa: je, mtu anaweza kuachana na sabuni ya unga akafua kwa mimea? Wanaouliza wana sababu za haki. Yupo anayefua nguo za watu kwa ujira, na viganja vyake vimechubuka hadi kukamua limau ni mateso. Yupo mzazi ambaye mtoto wake huota vipele kila avaapo shati lililotoka kwenye kamba. Yupo mkazi wa kando ya ziwa anayeona povu likielea pale pale anapochota maji ya kupikia. Na yupo anayetazama bei tu, akikumbuka kwamba bibi yake alifua bila kununua kitu.

Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Mimea ilifua nguo za binadamu karne nyingi kabla ya viwanda, na hata leo kuna vitambaa ambavyo huhudumiwa vizuri zaidi na tunda la mti kuliko na unga wa pakiti. Lakini anayehamia kwenye mimea kwa kuamini kwamba kila kitokacho porini ni salama, anaweza kuiharibu hariri yake kwa majani ya mpapai, kuunguza vidole vyake kwa majivu, au kuua samaki wa kijito kwa tunda lile lile analolisifu. Nguvu inayoufanya mmea ufue ndiyo inayoufanya uweze kudhuru. Kwa hiyo anayetaka kufua kwa mimea hana budi kujua mambo matatu: uchafu alionao, kitambaa alichokishika, na mahali maji yake yatakapoishia. Hilo la tatu husahaulika sana, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote.

Kinachofua si povu

Maji matupu hayafui vizuri kwa sababu chembe zake hung'ang'aniana. Wataalamu hupima mng'ang'anio huo kwenye uso wa maji, na kwa maji safi huwa kama milinyutoni 72 kwa mita. Ndiyo maana tone la maji hukaa juu ya kola yenye mafuta ya shingo bila kupenya. Sabuni hushusha kipimo hicho hadi karibu na 30. Kila chembe ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Chembe hizo huuzingira uchafu wenye mafuta, huung'oa kwenye uzi na kuuacha ukielea hadi umwagwe. Povu ni dalili tu kwamba ndani ya maji kuna kitu cha aina hiyo. Wingi wa povu haupimi wingi wa usafi, na sabuni za mashine hutengenezwa makusudi zitoe povu dogo.

Mimea mingi ina kitu kinachofanya kazi hiyo hiyo. Huitwa saponini. Saponini nazo zina upande wa maji na upande wa mafuta, nazo hushusha mng'ang'anio wa uso wa maji hadi kwenye 40 hivi, kutegemea mmea. Mti haukuziweka kwa ajili ya nguo zetu. Ni silaha yake dhidi ya ukungu na wadudu: hushikana na kolesteroli iliyomo katika utando wa seli na kuutoboa. Tulikumbuke hili, maana tutalirudia tutakapofika mtoni.

Sasa tufungue pakiti ya sabuni ya unga. Ndani yake hamna kitu kimoja. Kuna kiambato cha kung'oa mafuta, ambacho kwa kawaida hutokana na petroli. Kuna magadi ya kiwandani ya kuongeza ukali. Kuna, katika nyingi, vimeng'enya vya kumeng'enya madoa ya damu, maziwa na jasho. Nyingine zina dawa ya kuondoa rangi ya madoa, nyingine rangi isiyoonekana inayofanya nguo nyeupe ing'ae, nyingine fosfati, na karibu zote manukato. Wanaoahidi kwamba tunda moja la mti litachukua nafasi ya vyote hivyo hawasemi kweli. Kila kazi ina mmea wake, na mtu mwenye busara huichambua kazi kwanza.

Harita, na vitambaa vinavyoipenda

Waswahili wa pwani wanaujua mharita. Tunda lake, harita, ni dogo, la duara, na ganda lake likikauka huwa la kahawia na kunata kidogo. Jamaa za mti huu wako India na Nepal, na wengine Marekani ya Kati na ya Kusini, na kote huko watu walilitumia tunda hilo kwa kufulia. India hadi leo husafishia hariri na sufu. Katika maduka ya viungo na dawa za Kihindi ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam utalikuta karibu na amla na shikakai, likiuzwa zaidi kwa wanaooshea nywele.

Matayarisho yake ni mepesi. Pasua maganda kama kumi, tupa mbegu, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha au chemsha kwa moto mdogo robo saa hadi dakika 20. Chuja kwa kitambaa. Maji hayo ya rangi ya chai changanya na maji mengine ya beseni, tia nguo, loweka, fikicha taratibu na suuza. Tayarisha ya kutumia siku hiyo au siku mbili tatu tu, kwani huchacha haraka. Jihadhari na macho: saponini huwasha vibaya, na unga wa harita ukipeperuka huleta chafya zisizokatika.

Nguvu ya harita iko kwenye upole wake. Maji yake huelekea kwenye tindikali kidogo, wakati sabuni ya mche na ya unga ni kali upande wa pili, upande wa magadi. Hariri na sufu ni nyuzi za protini, na ukali wa magadi huzilainisha kupita kiasi, huzifubaza na kuzifanya zikatike. Sari, kilemba cha hariri, sweta la sufu la watu wa Limuru au Njombe: hivi vikifuliwa kwa harita hudumu. Vitenge na kanga za rangi kali nazo hufifia polepole zaidi zikiepushwa na unga wenye dawa ya kung'arisha.

Kuna faida nyingine ambayo wakazi wa pwani wataitambua mara moja. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Sabuni ya mche ikikutana na maji hayo hushikana na chokaa, povu hukataa, na utando wa kijivu hubaki kwenye nguo na kwenye kingo za beseni. Saponini hazishikani na chokaa kwa namna hiyo. Harita hutoa povu katika maji ambayo sabuni ya mche imeyashindwa.

Mipaka yake nayo isemwe waziwazi. Harita haiwezi ovaroli ya fundi gari. Haiwezi matope mekundu yaliyokauka kwenye soksi za mwanafunzi. Na haifai kwa kanzu nyeupe, kwa sababu rangi yake ya chai ikirudiwarudiwa huacha umanjano. Mwenye kanzu nyeupe aiache harita kwa ajili ya joho.

Majivu kwa grisi, mpapai kwa damu

Kazi ambayo harita inaishindwa ndiyo majivu yanayoiweza. Majivu ya kuni ngumu, ya makumbi ya nazi, na hasa ya maganda na majani makavu ya mgomba, yana chumvi nyingi za potasiamu. Watu wa zamani walitoboa chungu au debe chini, wakatandika nyasi, wakajaza majivu yaliyochungwa, wakamimina maji ya mvua juu na kukinga yanayodondoka. Maji hayo ya rangi ya hudhurungi yanateleza vidoleni. Utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako yakianza kugeuka sabuni, na hiyo ndiyo kazi yatakayoifanya kwenye kola na mikono ya shati: yanayageuza mafuta ya nguo kuwa kitu kinachoyeyuka majini. Afrika Magharibi walikwenda hatua moja zaidi, wakayapika maji ya namna hiyo pamoja na mafuta wakapata sabuni nyeusi inayouzwa hadi leo.

Majivu ni dawa kali, yaheshimiwe. Maji yake mazito huunguza ngozi na ni hatari kwa macho ya mtoto. Huila sufuria ya alumini, kwa hiyo tumia ndoo ya plastiki. Yatumie kwa pamba nyeupe na nguo ngumu za kazi, usiyakaribishe kwenye hariri, sufu wala kitenge kipya. Jirani yake ni magadi, yale yanayotoka Ziwa Magadi la Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na yale ya Ziwa Natron upande wa Tanzania. Magadi si mmea, lakini ni ya asili, na hufanya kazi ile ile ya kukata grisi na kulainisha maji ya chokaa. Tofauti yao itaonekana shambani, nami nitaifikia.

Kuhusu mpapai, Watanzania wa umri fulani hawahitaji kuelezwa. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi ikiwa haina fedha za kigeni, sabuni ilitoweka madukani, na hata mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, 1983, kipande cha sabuni kilikuwa mali ya kufichwa. Watu walifulia majani ya mpapai. Vijana husimuliwa habari hizo kama kielelezo cha shida, na shida ilikuwepo kweli, lakini ndani yake mna maarifa yanayostahili kuheshimiwa. Utomvu wa mpapai una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukatakata protini. Ndicho kinacholainisha nyama ngumu inapofungwa kwenye majani yake. Doa la damu, la yai, la maziwa ya mtoto au la jasho ni protini iliyong'ang'ania uzi, na papaini huikata vipande hadi ijiachie.

Viwanda vya Ulaya vilifika kwenye wazo hilo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1913 mkemia Mjerumani Otto Röhm alisajili hataza ya kufulia kwa vimeng'enya vilivyotolewa kwenye kongosho za wanyama. Leo vimeng'enya hivyo hutengenezwa na bakteria na kutiwa kwenye sabuni za unga za nchi nyingi. Bibi aliyetwanga majani ya mpapai na mkemia wa maabara walikuwa wakipigana na doa moja kwa silaha za ukoo mmoja.

Anayetaka kujaribu apondeponde majani mabichi katika maji ya vuguvugu, aloweke doa, asubiri saa moja au mbili, kisha afue. Asichemshe, kwa sababu moto huua kimeng'enya. Asitumie kwenye nguo nyeupe bila kuchuja vizuri, kwa sababu ukijani wa majani nao ni doa. Na asiguse hariri wala sufu: vitambaa hivyo vyenyewe ni protini, na papaini haiwezi kutofautisha doa na uzi.

Jua, limau na weupe wa kudanganya jicho

Weupe ndio unaowarudisha wengi kwenye sabuni ya unga. Hapa pia asili ina zana zake. Doa la kutu hulegea kwa limau na chumvi likianikwa juani, kwa kuwa tindikali ya limau hushikana na chuma na kukitoa kwenye uzi. Doa la manjano ya biriani lina tabia yake: likikutana na sabuni hugeuka jekundu, mfuaji akadhani ameliharibu zaidi. Ni ukali wa sabuni unaoibadili rangi hiyo, na ikisuuzwa vizuri hurudi kuwa ya njano. Dawa yake ni kuanika nguo ikiwa na unyevu kwenye jua la mchana, siku moja au mbili. Mwanga huivunja rangi ya manjano yenyewe. Jua la kwetu ni mali, nasi huliacha liunguze bati bure huku tukinunua dawa za madoa.

Mng'ao wa bluu tunaouona kwenye mashati mapya hautokani na usafi. Ni rangi maalumu inayobaki kwenye kitambaa, ikapokea miale ya jua isiyoonekana na kuitoa kama mwanga wa bluu. Hata hilo lilianzia kwenye mmea. Mwaka 1929 Mjerumani Paul Krais alionyesha kwamba kitani kikilowekwa katika maji yatokanayo na gome la mkastania wa farasi huonekana cheupe zaidi, kwa sababu gome hilo lina kitu kinachong'aa kwa miale hiyo. Viwanda vilifuata baadaye na rangi zao za maabara. Kwa hiyo anayefua kwa mimea aukubali weupe wa pamba, ambao una rangi ya krimu kidogo, asiuite uchafu. Akitaka kuondoa umanjano, bluu ya kufulia, ile ya zamani, kidogo tu katika maji ya mwisho, inatosha.

Konokono wa Adwa

Mwaka 1964 mtaalamu wa vimelea wa Ethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa akichunguza kichocho katika mji wa Adwa, kaskazini mwa nchi yake. Vijidudu vya kichocho hulelewa ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kuingia kwenye ngozi ya binadamu, na Lemma alikuwa akiwahesabu konokono hao kwenye vijito. Aliona jambo la ajabu. Chini kidogo ya mahali wanawake walipofulia, konokono waliokufa walikuwa wengi kuliko mahali pengine. Wanawake hao walifulia endod, matunda madogo ya mmea unaotambaa ambao Waethiopia wameutumia kwa karne nyingi kung'arishia shuka zao nyeupe za pamba. Kitaalamu mmea huo ni Phytolacca dodecandra, nao huota pia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Lemma akaomba maji ya povu yamwagwe kwa konokono waliokuwa hai. Wakafa.

Kilichofuata ni moja ya kazi kubwa za sayansi ya Afrika. Lemma na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes waliichambua endod, wakachagua aina zenye saponini nyingi, na katika jaribio la miaka mitano pale Adwa, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, maambukizi ya kichocho yalishuka kutoka asilimia 63 ya wakazi hadi 34. Taasisi za kimataifa zilichukua miaka mingi kuikubali dawa ambayo mkulima angeweza kuipanda mwenyewe, badala ya ile ya kiwandani ya kununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 1989 wawili hao walipewa tuzo ya Right Livelihood. Lemma alifariki mwaka 1997.

Hadithi ya Adwa husimuliwa kama ushindi wa mmea, na ni ushindi kweli. Mimi nataka tuisome pia kutoka upande wa kijito. Povu lililotoka kwenye shuka la mwanamke wa Adwa, bila yeye kukusudia, lilikuwa na nguvu ya kuua viumbe wa majini. Kwa kipimo kinachomuua konokono, endod huua samaki vilevile, kwa kutoboa tando laini za matamvua ambazo samaki hupumulia. Mjunju, mti wa nchi kavu unaoota kutoka Turkana hadi Dodoma, una sifa ile ile: gome, mizizi na matunda yake yametumika kufulia sehemu nyingi za Afrika, na tayari mwaka 1933 daktari mmoja nchini Sudan, R. G. Archibald, aliandika juu ya tunda lake kuua konokono wa kichocho. Wavuvi wa sehemu nyingi za dunia walitumia mimea yenye saponini kulevya samaki, njia ambayo leo sheria za uvuvi zinaikataza.

Hapa ndipo neno "asili" linapotakiwa kutazamwa kwa makini. Kwamba kitu kinaoza haraka ni kweli: saponini nyingi huvunjwa na vijidudu vya maji na udongo ndani ya siku chache, na hilo ni jema. Lakini siku chache zinatosha kuua vifaranga vya samaki katika kijito chembamba cha kiangazi. Wala mtu asiseme, basi nifulie endod mtoni ili nimalize konokono. Adwa ilifanikiwa kwa vipimo vilivyokokotolewa, vikarudiwa kwa ratiba na kusimamiwa na wataalamu. Beseni la mtu mmoja huua kinachopita karibu na kuwaacha konokono wa hatua hamsini juu wakiendelea kuzaa.

Na kuna mfuaji mwenyewe. Mwanamke anayesimama majini hadi magotini akifua, awe na harita, endod au unga wa pakiti, amewapa vijidudu vya kichocho ngozi ya miguu yake, nao hupenya kwa dakika chache. Wakazi wa Ukerewe, wa kando ya Ziwa Victoria, na wa shehia zenye mito na mabwawa ya Unguja na Pemba wanaujua ugonjwa huu kwa majina ya watoto wao. Mradi wa kutokomeza kichocho ulioanza Zanzibar mwaka 2011 ulilitambua hilo, na katika baadhi ya shehia zikajengwa sakafu za kufulia zilizo mbali na maji ya konokono. Kanuni ni moja kwa sabuni zote: maji yafuate nguo, nguo zisifuate maji.

Maji ya beseni yaende wapi

Ukishafulia mbali na mto, maji ya beseni yana njia mbili nzuri. Maji ya harita, mjunju na mpapai yamwagwe kwenye udongo, chini ya migomba au miti ya matunda, mbali na bwawa la samaki na hatua nyingi kutoka kisimani. Udongo wenye uhai utayamaliza. Maji ya majivu yaliyokwisha kufulia nayo yanaweza kwenda kwenye migomba kidogo kidogo, kwa kuwa potasiamu ni chakula cha mgomba, ila yasimwagwe mahali pale pale kila wiki. Maji ya magadi hayafai shambani kabisa. Yana sodiamu, na sodiamu ikikusanyika huufanya udongo wa mfinyanzi ushikamane, maji yasipenye na mizizi ikose hewa. Sabuni ya unga ina kasoro hiyo hiyo. Maji ya namna hiyo yaelekezwe kwenye shimo lililojazwa kokoto.

Fosfati nayo ina hesabu yake. Gramu moja ya fosforasi ikifika ziwani inaweza kulisha kama gramu mia moja za mwani mkavu. Mwani ukifa huoza, huoza kwa kula oksijeni ya maji, na samaki hukosa pumzi. Ziwa Victoria linapata fosforasi kutoka njia nyingi, na mashamba, vumbi na vyoo vina sehemu kubwa, kwa hiyo tusiitwike sabuni mzigo wote. Lakini sehemu ya sabuni ndiyo rahisi kuipunguza, na tunao mfano. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2013: sabuni ya mashine ya nyumbani isizidishe nusu gramu ya fosforasi kwa mzunguko mmoja wa kufua. Viwanda vilibadilisha mchanganyiko, na watu wanaendelea kuvaa nguo safi.

Mmea ambao tayari uko nyumbani

Katika shauku ya kutafuta majani na matunda, wengi huupita mmea uliopo tayari kando ya beseni. Sabuni ya mche ni mafuta ya mmea, mara nyingi mawese, yaliyopikwa na magadi makali. Haina rangi ya kung'arisha wala vimeng'enya, na ile isiyotiwa nakshi haina hata manukato. Chembe zake huvunjika kirahisi katika udongo. Kigoma wanawake hupika sabuni ya mawese kwa mikono yao, na ukanda wa pwani una mafuta ya nazi, ambayo sabuni yake ina sifa isiyopatikana kwa nyingine nyingi: hutoa povu hata katika maji ya chumvi. Mwenye kisima chenye chumvi Bagamoyo au Makunduchi hana haja ya kuagiza harita kutoka Nepal.

Kwa hiyo nikiulizwa mpango wa nyumba ya kawaida, nitasema hivi. Nguo nyingi za kila siku, zifuliwe kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, na magadi kidogo kwenye zile za kazi. Hariri, sufu na vitenge vya thamani, harita. Damu na maziwa, loweka kwenye mpapai kwanza, au kwenye maji baridi ikiwa mpapai hakuna. Manjano na ukungu, jua. Nguo za mgonjwa na nepi za mtoto zichemshwe na kuanikwa juani, kwa sababu hakuna tunda katika haya niliyoyataja ambalo linaaminika kuua vijidudu vya maradhi. Sabuni ya unga ibaki kwa grisi nzito, nayo ipimwe kwa kijiko, isimiminwe kwa kukadiria. Mwenye vipele aanze kwa kuacha manukato na kusuuza mara ya pili, kabla ya kubadilisha chochote kingine.

Haya ni ya nyumbani. Yapo ambayo nyumba haiwezi peke yake. Mashirika ya viwango ya nchi zetu yawatake watengenezaji waandike kwenye pakiti, kwa Kiswahili kinachosomeka, kama sabuni ina fosfati na ni kiasi gani. Idara za misitu zigawe miche ya mharita na mjunju kwa shule na vikundi vya wanawake, pamoja na maelezo ya namna ya kuitumia bila kuua samaki. Na halmashauri za kando ya maziwa na mito zijenge sakafu za kufulia zenye bomba, kivuli na shimo la kokoto, kwa sababu mama anayefulia mtoni hafanyi hivyo kwa kupenda. Bomba liko mbali na nguo ni nyingi. Sakafu moja ya saruji karibu na bomba italinda ngozi yake, samaki wa jirani yake na maji ya kunywa ya kijiji cha chini, hata kabla hajaamua kama siku hiyo atafulia harita au kipande cha mche.